Ufunguo kwa Aliye Juu

Ile sheria ya ufunguo niliianzisha mimi. Nasema mapema, asije mtu akanionea huruma katikati ya maneno halafu akajuta.

Nilikuwa naendesha trekta kwenye ghala la mahindi. Si trekta la kulimia. Ni lile lenye kijiko mbele, beseni kubwa la chuma lililoshikwa na mikono miwili, linachota mahindi kwenye rundo na kuyamwaga kwenye lori. Miaka kumi na moja nimelikalia lile. Mwanamke peke yangu kati ya wanaume arobaini, na hakuna hata mmoja aliyeweza kama mimi kupinda kwenye kona ya mizani bila kugonga ukuta. Waliniita Dereva, utadhani dunia nzima haina mwingine, na kichwa changu kilivimba vya kutosha.

Pale ghalani kitu chochote kilichokuwa juu kilifuatwa kwa kijiko. Taa imeungua, bati limeachia, ndege wamejenga kwenye mfereji wa maji ya mvua: mtu anaingia kwenye kijiko, namnyanyua, anafanya kazi yake, namshusha. Msiniulize habari za ngazi. Ngazi ndefu ilikuwepo, ikaenda nyumbani kwa Meneja kupaka rangi, na rangi yenyewe nadhani mpaka leo haijakauka. Msimamizi wetu alikuwa mtu wa kusema "tutumie tulichonacho", na tulichokuwa nacho ni mimi.

Siku moja mwashi alikuwa juu anaziba ufa. Nikashuka kunywa maji. Huku nyuma mtu wa mizani akapanda kitini, akawasha, akasogeza trekta ili lori lipite, wala hakuinua macho kutazama kuna nini juu. Mwashi alining'inia kwenye ukingo wa kijiko kama nguo kwenye kamba. Tulipomshusha alitutukana matusi ambayo sijayasikia tena, na alikuwa na haki nayo yote. Kesho yake nikaja na sheria yangu. Mtu akishafika juu, nazima injini, nachomoa ufunguo, namrushia. Anautia mfukoni mwake. Mpaka amalize mwenyewe na anirudishie, trekta haliwaki, haliendi popote, na mwenye kiherehere chake atakaa nacho. Ufunguo kwa aliye juu, basi.

Watu waliipenda ajabu. Waliokuwa wakipanda roho mkononi sasa walipanda wakipiga miluzi. Msimamizi akija na wageni lazima awapitishe kwangu: "Huyu ndiye Dereva wetu, ana akili kuliko kitabu." Na mimi najitia kuona haya, huku masikio yamesimama nisipitwe hata na neno moja.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kila jioni nikimaliza kazi nazima trekta, nachomoa ufunguo, nautia mfukoni, nashuka. Mara nyingi nakuta nimesahau kushusha kijiko, kiko juu kinanitazama. Sipandi tena. Nanyoosha mkono tu, nasukuma ile leva fupi iliyo pembeni ya kiti, na kijiko kinashuka chenyewe, injini ikiwa kimya, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu. Uzito wa chuma peke yake unatosha kuyasukuma mafuta kwenye mabomba. Ukiisukuma leva mbele, mikono inashuka. Ukiisukuma kando, kijiko kinainama mdomo na kumwaga. Nimefanya hivyo jioni ngapi, mimi sijui. Mkono wangu ulijua kabisa kwamba lile trekta halifi kwa kuchomolewa ufunguo. Kichwa ndicho kilikuwa na shughuli ya kusifiwa.

Fundi umeme wa pale alikuwa mdogo wangu, wa tumbo moja, tumepishana miaka tisa. Nimembeba mgongoni mpaka mgongo ukazoea. Kazi ile nilimtafutia mimi, na kwa kuwa alikuwa na mke na watoto wawili, kampuni ikampa nyumba: vyumba viwili na jiko, kwenye mstari wa nyumba za wafanyakazi nyuma ya ghala. Mama yetu akahamia kwake. Mimi nilikuwa na chumba kimoja mwisho wa mstari uleule, maana mume aliniacha zamani na mtoto sikupata. Masharti ya zile nyumba kila mtu aliyajua. Ukiumia kazini, unakaa mpaka upone. Ukijiumiza kwa uzembe wako mwenyewe, kazi huna, na siku thelathini unarudisha nyumba.

Ilikuwa Jumanne, baada ya chakula cha mchana. Taa ya katikati ya ghala ilikuwa inawaka na kuzima, na wapakiaji wanalalamika inawaumiza macho. Msimamizi akapita akaniambia, "Dereva, mnyanyue mdogo wako akaitengeneze, haichukui dakika kumi." Mdogo wangu akaingia kwenye kijiko na plaizi zake na holda mpya ya taa.

"Polepole, dada," akasema. "Nina mke mzuri mimi."

"Mzuri na mdomo wake," nikamjibu.

Akacheka. Nikamnyanyua mpaka kwenye taa, kama mita nne na nusu hivi. Nikazima. Nikachomoa ufunguo, nikamrushia, akaudaka kwa mkono mmoja, maana alikuwa fundi wa mambo hayo pia, akautia mfuko wa suruali. Kila kitu kama sheria inavyosema. Akafungua holda ya zamani, anaimba kitu ambacho hakukijua maneno. Kisha plaizi zikamponyoka, zikaanguka zikalia kwenye saruji.

"Dada, niokotee basi."

Nikainuka kitini. Nilikuwa nimevaa koti langu la kazi, lile la bluu lenye mifuko mikubwa ya pembeni. Nilipogeuka kushuka, mfuko ukanasa kwenye leva fupi, na mimi kwa haraka zangu nikauvuta mwili badala ya kuunasua. Nikaiona leva inalala kando. Nikaona kijiko kinainamisha mdomo. Hakikuanguka, hakikufanya kelele yoyote, kiliinama tu, kama siku zote kinapomwaga mahindi. Mdogo wangu alikuwa ameinua mikono yote miwili kwenye taa, hakuwa na kitu cha kushika. Akateleza, akatoka. Alianguka kwa kiuno.

Nikairudisha leva. Hilo nalisema kwa sababu ndilo la kwanza nililofanya. Kabla sijamkimbilia, kabla sijamwita, mkono ulirudisha leva mahali pake. Kijiko kikabaki vilevile kimeinama, lakini leva ilikuwa imesimama wima kama haijaguswa na mtu. Ndipo nikaruka chini.

Msimamizi alifika na wapakiaji wakimfuata. Mdogo wangu alikuwa amefumbua macho, hatazami kitu. Msimamizi hakuuliza kama anapumua. Aliuliza, "Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Anao yeye," nikasema. "Mfukoni."

Wakamtia mkono mfukoni wakautoa. Msimamizi akaunyanyua ili watu wauone, na ninaapa nilimsikia akishusha pumzi. "Basi Dereva hana kosa," akasema. "Alimpa ufunguo. Sasa huyu sijui alikuwa anacheza nini huko juu." Na wale wanaume wote wakatikisa vichwa, wengine wakanishika bega kunipa pole. Nilikuwa sijadanganya hata neno moja. Nikapanda gari la wagonjwa nikakaa miguuni pake.

Nyonga ilipasuka, na pingili mbili za mgongo. Wiki tatu hospitali, kisha wakamrudisha nyumbani alale chali na asubiri. Daktari alisema miguu itarudi au haitarudi, na kwamba ni mapema mno kusema. Nilitamani kumzaba kofi, ingawa kosa halikuwa lake.

Mdogo wangu hakukumbuka vizuri. Alichokumbuka ni kwamba alikuwa anavuta waya, halafu kijiko kikainama. "Nadhani nilikanyaga ukingoni," alisema siku ya kwanza alipoweza kusema kwa kirefu. "Uzito wangu ulikielemea, dada." Alinitazama kama anauliza. Ilikuwa nafasi yangu ile, imekuja na miguu yake yenyewe mpaka mbele yangu. Nikamwambia apumzike, asijichoshe kwa maneno.

Basi akaamini. Na mama akaamini zaidi yake. Mama yetu ana mapenzi, lakini mapenzi yake yote hupitia kwenye ulimi mkali. Alimlisha kwa kijiko cha chai huku akimsema. "Mtu mzima una watoto, unapanda juu unachezacheza. Dada yako kakupa mpaka ufunguo, angekufanyia nini tena? Akubebe mgongoni?" Na yule mtoto wa watu, mtu wa miaka thelathini na mbili, anajibu, "Nisamehe, mama." Halafu ananigeukia mimi niliyekaa hapo na sahani yangu. "Nisamehe na wewe, dada. Nimekuletea aibu kazini."

"Yameshapita," nikamwambia.

Nilisema hivyo, na nikaendelea kula. Kama unataka kujua mtu anaweza kufanya ubaya gani akiwa amekaa kwenye kigoda, huku ametoka kumchotea maji mke wa mdogo wake na kuwafulia watoto, njoo uniulize mimi. Nilifanya kazi za nyumba ile kama punda. Kila mtu alisema sijapata kuona dada kama huyu. Nikavishwa kilemba cha ukoka na nikakiweka sawa kichwani mwenyewe.

Ghalani nako waliniheshimu kuliko mwanzo. Wakamleta mpaka rangi mmoja wa pale, wakamwandikisha ukutani kwa maandishi mekundu marefu kama mkono: UFUNGUO KWA ALIYE JUU. Chini yake, kwa herufi ndogo: Sheria ya Dereva. Mpaka rangi mwenyewe aliyaandika akiwa amesimama ndani ya kijiko, ufunguo mfukoni, anapiga mluzi. Nilikaa kitini mikono yote miwili nimeikumbatia kifuani, koti nimelivua nimelikalia. Msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia joto.

Barua ilikuja wiki ya saba, Jumamosi. Aliniletea wifi yangu, mke wa mdogo wangu, mchana, nikiwa nje ya chumba changu naosha vyombo. Hakuketi. Alinipa karatasi nisome ingawa anajua kusoma kuliko mimi. Ilisema kwamba uchunguzi umeonyesha mfanyakazi alipewa ufunguo kama sheria inavyotaka, na kwamba aliumia kwa kutokuwa mwangalifu yeye mwenyewe. Siku thelathini.

"Hawezi kugeuka hata ubavu, tutamhamishia wapi?" akasema wifi. "Mama mgonjwa wa miguu, watoto wale, na yeye amelala kama gogo. Kaka zangu wamesema hawana nafasi. Nimeuliza kila mtu, wifi."

"Nitaongea na Meneja."

"Utamwambia nini?"

Akachuchumaa mbele yangu, akanishika mikono yenye povu la sabuni.

"Wifi, nakuomba kitu kibaya. Kadanganye. Kawaambie uligusa kitu, sijui kitu gani, wewe ndiye unayelijua trekta. Sema ni wewe. Wewe huna mtoto, huna mume, utapata kazi popote na mikono yako hiyo. Najua nakukosea kukuomba hivi. Nitakupigia magoti maisha yangu yote."

Alikuwa analia. Nami nilimtazama kwa hasira, hasira ya kweli, kwa sababu alikuwa amekuja kuniomba kama sadaka kile nilichokuwa nimemwibia. Nikamwambia ainuke, asichafue nguo yake. Nikamwambia Jumatatu nitakwenda.

Jumatatu nikaenda. Ofisi ya Meneja ina feni kubwa na kiti kimoja cha wageni ambacho hakuna anayekaribishwa kukikalia. Msimamizi alikuwepo, amesimama dirishani. Nikasema yote kwa mkupuo kama mtu anayemeza dawa chungu. Koti, mfuko, leva, kijiko kikainama. Nikasema na leva niliirudisha. Nilipomaliza, Meneja alimtazama Msimamizi, wakatabasamu wote wawili, tabasamu la watu waliomwona mtoto akisema uongo wa kupendeza.

"Dada," akasema Meneja, "ningekuwa na dada kama wewe, ningemshukuru Mungu kila siku. Lakini ufunguo alikuwa nao yeye."

"Ufunguo hauhusiani na leva, bosi."

"Trekta lilikuwa limezimwa."

"Lilizimwa. Kijiko hakijui kama limezimwa."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha," akasema Msimamizi, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Tumeandika ukutani. Sasa leo kwa ajili ya mdogo wako unataka kutuambia sheria yako haifai? Nenda nyumbani, Dereva. Tunaelewa."

Wananielewa! Nimekaa wiki saba naogopa watu wasije wakajua, na siku naliweka mezani hakuna anayelitaka. Damu ikanipanda. Nikawaambia kama wana macho waje nayo ghalani, na kama hawaji nitakwenda kukaa kwenye mizani na hakuna lori litakalopimwa siku hiyo. Meneja hakupenda lile neno la mizani. Akachukua kofia yake.

Ghalani nikawaita watu wote waache kazi. Nikaagiza gunia moja lililojaa, uzito wa mtu mzima, wakaliweka ndani ya kijiko limesimama. Nikawasha, nikalinyanyua mpaka kwenye ile taa ya katikati, ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa bado inawaka na kuzima. Nikazima injini. Nikachomoa ufunguo, nikashuka, nikaenda nikamtia Meneja mkononi.

"Uweke mfukoni, bosi. Funga na kifungo."

Akafanya hivyo, anacheka kidogo, anawatazama watu. Nikavaa lile koti la bluu. Nikapanda, nikakaa, nikainuka kama mtu anayeshuka kuokota plaizi, nikauacha mfuko unase. Leva ikalala. Kijiko kikainama bila haraka, gunia likateleza likatoka. Lilipofika chini lilipasuka, na mahindi yakatapakaa mpaka kwenye viatu vya Meneja.

Mpaka rangi alikuwa kando ya mlango na kopo lake. Aliketi chini palepale alipokuwa, kwenye vumbi, akajishika kichwa. Mwingine nyuma akasema taratibu, "Mimi nimepanda mara ngapi mle." Nami nilikuwa nimeshika hesabu hiyo, kila jina.

Meneja alijifungua kifungo, akautoa ufunguo, akautazama pande zote mbili. Nikamwambia na ngazi nayo airudishe, maana kama ngazi ingekuwepo mdogo wangu asingepanda kwenye beseni la mahindi. Hilo la ngazi alijitia hakulisikia. Lakini hili la koti langu na leva alilisikia vizuri, na nilimwona usoni anapata nafuu, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu mmoja wa kubeba jambo zima na mtu huyo si yeye. Saa tisa nilikuwa na barua mbili mkononi. Ya mdogo wangu ilisema ameumia kazini na nyumba ni yake mpaka daktari atakaposema vingine. Yangu ilisema uzembe na kuficha ukweli, na chumba nikiache kabla ya Jumapili. Unga wangu ulikuwa umemwagika, na sikuweza kumnung'unikia mtu.

Na msidhani waliacha kunyanyuana. Alhamisi, nikifungasha vitu vyangu, mpaka rangi alikuja kuniaga, akaniambia ukutani wameongeza mstari kwa rangi ileile: Dereva asivae koti. Nilimuuliza aliuandika akiwa amesimama wapi. Akatazama pembeni.

Lakini nimeruka. Ile Jumatatu, nilipotoka na barua, nilikwenda moja kwa moja kwa mdogo wangu. Wifi aliisoma barua yake mlangoni, akanirukia shingoni, akalia mpaka bega langu likalowa. Mama akaletewa habari kitandani kwake, akaja akijikokota, akanishika uso kwa viganja vyote viwili.

"Umejitoa kwa ajili ya damu yako," akasema. "Umebeba kosa lisilo lako. Mungu akuone, mwanangu."

Wifi akaniwekea chai. Wote walijua habari nzima, au walidhani wanaijua: nimekwenda kudanganya, nimedanganya vizuri, nimefukuzwa kazi kwa wema wangu. Hata lile gunia walilisikia, na wifi akasema ni akili gani hiyo niliyoitumia kuwatengenezea mchezo kama ule wakauamini. Ningeweza kunyamaza. Nyumba wameipata, mimi nimeikosa kazi, mtu angesema tumelipana. Nilikunywa ile chai nusu kikombe nikiwa kimya, na ninakiri ilikuwa tamu.

Mdogo wangu alikuwa amelala chali, mto chini ya magoti, anatazama dari. Mama akamgeukia.

"Umeona?" akamwambia. "Wewe unacheza, dada yako anafukuzwa kazi. Hebu muombe radhi mbele yetu sote, muombe vizuri."

Akanyoosha mkono wake kunitafuta. "Nisamehe, dada," akaanza. "Mimi ndiye niliyekanyaga..."

"Sikudanganya," nikasema.

Wifi akacheka kidogo, akidhani nimetania. Nikaweka kikombe chini, nikasema tena, safari hii nikimtazama yeye aliyelala. Nikamwambia hukukanyaga popote. Mfuko wa koti langu ulinasa kwenye leva. Hukufanya kosa lolote, ulikuwa umesimama sawasawa, mikono juu, unafanya kazi yako, na mimi nikakumwaga. Nilivyosema hivyo, sauti yangu ilitoka kavu, ya mtu anayesoma orodha, na nilijichukia kwa hilo pia.

Mkono wake ulikuwa bado hewani. Aliurudisha taratibu akauweka juu ya tumbo.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla hujafika chini."

Nje watoto wake walikuwa wanagombana juu ya kitu, na hakuna aliyekwenda kuwaamua. Kisha akauliza, si mimi, alimuuliza mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, nimeomba radhi mara ngapi humu ndani?"

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda akawa anakunja na kukunjua pindo la shuka.

Saa ya kumgeuza ilikuwa imefika. Daktari aliagiza ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi ya mgongo itaoza. Kazi hiyo inataka nguvu, maana lazima nyonga na mabega vigeuke kwa pamoja, vikipishana kidogo tu anaumia mpaka anazimia. Tangu arudi hospitali, nikiwa nipo, ni mimi niliyemgeuza. Nina mikono ya trekta. Wifi ni mwembamba, na nikiwa kazini ilibidi aite majirani wawili. Basi nikainuka kama kawaida, nikapitisha mkono mmoja chini ya bega lake.

"Si wewe," akasema.

Nikamwambia saa imepita, na wale peke yao hawawezi, watamuumiza.

"Si wewe," akasema tena, na hakunitazama. "Mke wangu, njoo. Mama, njoo umsaidie."

Nikautoa mkono. Wifi akaja upande wa mabega, mama na miguu yake mibovu upande wa nyonga. Wakahesabu moja, mbili, tatu, wakavuta, na mama akachelewa. Mdogo wangu aliuma blanketi lakini sauti ilipita hivyo hivyo. Wakamrudisha, wakapumzika, wakaanza upya. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, mzima, mwenye nguvu zangu zote.

Walipojipanga kwa mara ya tatu nilikuwa nimefika mlangoni. Mama, bila kugeuka, akasema niufunge nikitoka, mtoto wake anapigwa na upepo.